Upande Wangu wa Jiko

Kazi yangu ya kwanza ya kudumu hapa Brussels niliipata kwa kukaanga mayai mawili, na moja nililipasua kiini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshapewa karatasi za ukimbizi, binti yangu ameanza shule ya chekechea kule mtaa wa Forest tulikopanga, na mimi nimechoka kukaa ndani nikiangalia mvua. Siku moja, kwenye dirisha la duka la kufulia nguo karibu na uwanja wa Flagey, nikaona kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: nyumba ndogo ya wageni inatafuta mtu wa kusaidia asubuhi, awe anajua kupika. Nikaenda papo hapo nikiruka matope, maana uwanja wote wakati ule ulikuwa shimo la ujenzi lililozungushiwa uzio.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na kitu, amevaa aproni juu ya sweta la kiume. Kwao ni kaskazini ya Ireland. Alikuja Ubelgiji akiwa msichana, akaolewa na Mbelgiji, akabaki mjane na nyumba yenye vyumba vingi kuliko mahitaji yake, ndipo akaigeuza kuwa nyumba ya wageni. Nilimwita Madame tangu siku hiyo, na sikuwahi kumwita vinginevyo. Tuliongea Kifaransa, yeye chake chenye Kiingereza ndani yake, mimi changu cha shule za Bujumbura.

Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka jikoni, akanipa kikaango, akasema, "Kaanga mayai mawili. Nataka kiini kiwe laini."

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, yai hukaangwa likakauka kabisa, na kitunguu na nyanya. Yai la kiini laini sikuwahi kulipika maishani. La kwanza lilitoka salama kwa bahati tu. La pili likapasuka na kusambaa. Madame akaketi, akayala yote mawili kwa mkate, taratibu. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Unaweza kuanza kesho?"

Nikajua ni lazima niseme sasa hivi, kabla sijazoea furaha. "Madame, kuna jambo. Mimi ni Mwislamu. Nguruwe sili, na wala sitaki kumpika."

 Akatazama friji, na mimi nikamfuata kwa macho. Humo ndani, nilikuja kujua baadaye, kulikuwa na bekoni, soseji, na zile soseji nyeusi za damu, chakula cha asubuhi cha siku tatu. Nyumba nzima ilisimama juu ya nguruwe. Nikaanza kufunga vifungo vya koti langu.

"Jiko lina plate sita," akasema hatimaye. "Tatu za kushoto ni zangu, nitapika nguruwe mimi mwenyewe. Tatu za kulia ni zako. Mayai, uyoga, nyanya, maharage, mikate. Vikaango vyako nitanunua vipya."

Kesho yake nilivikuta vikaango viwili vyenye mipini ya buluu, karatasi ya bei haijabanduliwa, na sponji mpya kabisa, ya buluu nayo. Nimefanya kazi kwa watu wengi tangu siku hiyo. Wachache sana walinipangia mahali pangu kabla sijaomba.

Asubuhi zetu zilianza saa kumi na mbili. Wakati wa baridi alfajiri ya Brussels huchelewa sana, kwa hiyo nilikuwa naswali pale pale kazini, kwenye chumba kidogo cha stoo katikati ya magunia ya viazi na makopo ya maharage. Mara ya kwanza niliomba ruhusa. Mara ya pili nikakuta viazi vimesogezwa na sakafu imefagiliwa. Kuanzia hapo sikuomba tena, na yeye hakugusa mlango huo mpaka nitoke.

Wageni wetu walikuwa wengi wa kutoka visiwa vile vya kwao, Waingereza, Waskoti, Waayalandi, waliokuja mikutano na ofisi za Ulaya. Walirudi kwake mwaka baada ya mwaka kwa sababu moja tu: huu mji ulikuwa unawapa asubuhi kipande cha mkate, jamu na kahawa, na wao walitaka kula. Kwao asubuhi ni sahani iliyojaa: mayai, nyama, uyoga, nyanya iliyokaangwa, maharage ya sosi nyekundu, na mkate juu yake. Mwanzoni niliona ni ulafi. Halafu nikamkumbuka marehemu baba yangu, fundi wa magari, akikaa asubuhi mbele ya bakuli la supu ya kongoro na chapati mbili, na maharage ya jana pembeni, kabla ya kwenda kulala chini ya malori. Hakuna aliyemwita mlafi.

Nilimwuliza Madame desturi hii ilitoka wapi. Alikuwa akikata bekoni upande wake, mimi nakatakata uyoga upande wangu, na hivyo ndivyo tulivyozungumza miaka yote, bega kwa bega, tukitazama ukuta.

"Kwa matajiri," akasema. "Kwenye majumba makubwa, asubuhi walipanga mabakuli ya fedha mezani, samaki, figo, mayai, nyama baridi, kila mtu ajipakulie kabla ya kwenda kuwinda. Watu wa mjini wakaona, wakataka na wao. Halafu wafanyakazi wa viwanda wakaona ni chakula kinachomshikilia mtu mpaka mchana. Lakini kwetu shambani hatukuiga mtu. Tulikuwa na nguruwe, kuku, viazi na moto. Mama yangu alitia kikaangoni kilichokuwepo."

"Na maharage?"

"Ah, maharage ni ya kopo. Yalikuja na meli kutoka Amerika. Bibi yangu angekutupia sahani kama ungemwekea maharage."

Kitu alichokuwa akijivunia ni mikate. Wa kwanza ulikuwa mkate wa magadi na maziwa ya mgando, unaopikwa juu ya chuma kikavu bila tanuri, ukakatwa robo nne kama chapati nene. Wa pili ulikuwa wa viazi vilivyopondwa na unga kidogo. Yote miwili humalizikia kikaangoni. Alinifundisha kwa kunishika mikono. Unga wa magadi haukandwi, unaguswaguswa tu. Mimi niliyekuwa nimezoea kukanda chapati mpaka jasho linitoke nilishindwa wiki nzima. Mikate yangu ilitoka migumu kama soli ya kiatu. Yeye aliilowesha kwenye chai na kuila.

Mgeni aliyenifunza zaidi kuhusu tofauti za kwao alikuwa Mskoti mmoja, mfasiri wa nyaraka, mtu mwenye ndevu nyekundu na sauti ya chini. Alilala kwetu kila wiki Jumatatu mpaka Alhamisi kwa miaka. Asubuhi ya kwanza niliyompelekea sahani aliitazama kwa huzuni ya kweli.

"Soseji ni ya duara," akasema.

Nikafikiri nimemsikia vibaya. Nikarudi jikoni kumwambia Madame. Akacheka mpaka akashika meza. "Kwao soseji ni ya mraba! Wanaikata kama mkate. Na wana tumbo la kondoo lililojazwa maini na shayiri, na mkate wa viazi mwembamba kuliko wangu. Mwambie hapa ni Ireland."

Nikaenda kumwambia. Akajibu kwa upole kwamba Ireland ni jirani mzuri lakini hajui soseji. Basi ikawa mchezo wao, mimi mjumbe katikati, nikibeba matusi ya heshima kutoka jikoni hadi mezani na kurudi. Kutoka kwa wageni wengine nilisikia kwamba Wales hupika mwani wa baharini asubuhi na vichaza vidogo, na kwamba Waingereza wa mikoa mbalimbali hawakubaliani hata kama mkate ukaangwe au uchomwe tu. Kila mmoja aliamini kwao ndiyo sahani yenyewe na kwingine kote wamekosea. Nilijisikia niko nyumbani. Kwetu watu wa Buyenzi na watu wa Rumonge, mji wa ziwani, waliweza kugombana nusu saa kuhusu namna ya kukaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Halafu ikaja asubuhi moja ya Januari, barafu imeganda kwenye ngazi za nje. Madame alitoka kuchukua maziwa mlangoni. Nilisikia chupa ikivunjika kabla sijamsikia yeye.

Nilimkuta chini, mguu umekaa vibaya, uso umekuwa mweupe kama unga. Mskoti aliteremka na blanketi, tukamfunika, tukapiga simu. Wauguzi walipokuwa wanamnyanyua, alinishika aproni.

"Mayai," akasema. "Yako motoni."

Kweli yalikuwa motoni. Nikakimbia kuyaokoa huku nalia.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mchana nilikwenda hospitalini nikamkuta amelala chali, amekasirika, jambo lililonipa moyo. Nilikuwa nimeshawaza njia nzima ndani ya tramu. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa wiki mbili mbele. Wageni wale walikuja kwa ajili ya sahani ile. Bila bekoni na soseji wangehama mmoja mmoja, na yeye angerudi kwenye nyumba tupu. Nikajiambia: huyu mtu alinipokea pale ambapo hakuna aliyenipokea. Pengine Mungu ataniangalia kwa huruma nikishika nyama ile kwa miezi miwili, kwa glavu, bila kuonja.

"Madame," nikaanza, "kesho asubuhi nguruwe nitapika mimi."

Aligeuza kichwa. "Hutapika."

"Ni kwa muda tu."

"Nimesema hutapika. Wape mayai na mikate. Asiyetaka aende hoteli. Sikukununulia vikaango ili uje uniambie upuuzi huu nikiwa kitandani."

 Nilikaa nikamshika mkono mpaka muuguzi alipokuja kunitoa. Watu walishanipa nguo, chakula, karatasi, na nilishukuru vyote. Ile ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii mtu kukubali kupata hasara ili mimi nisivunje mwiko wangu mwenyewe.

Nilirudi Forest nikapanda ngazi za jengo letu polepole. Ghorofa ya juu yetu aliishi mama mmoja wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, mpana wa mabega na wa kicheko. Alikuwa akisafisha maofisi ya minara ya karibu na stesheni ya Gare du Nord kuanzia saa kumi jioni, kwa hiyo asubuhi zake zilikuwa huru. Wote katika jengo tulimwita Maman. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi na mfuko wa viazi.

"Weye, uko na shida gani?"

Nikamweleza yote, kuanguka, wageni, nyama.

"Njo ile tu?" akasema. "Bon. Ngulube mi najua kupika. Kwetu Katanga, banaume bakitoka ku mine, banakula ngulube na bukari, ile munaita ugali, banasahau hata majina yabo. Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Lakini Maman, wewe unarudi umechoka, na..."

"Usiulize mara mbili, dada yangu. Minakuya."

Akaja kweli, na aproni yake ya kitenge, na kichupa cha pilipili ndani ya mkoba. Kichupa nilikiona nikamwambia, "Maman, hawa watu hawali pilipili asubuhi." Akajibu kwamba hawajawahi kupewa.

Nilimwonyesha kushoto na kulia, vyombo vyeusi vyake, vya buluu vyangu. Akaitikia, "Nimesikia, nimesikia," kama anayeambiwa mlango uko wapi. Kisha akakatia vitunguu juu ya bekoni, akamimina pilipili, na harufu ikapanda ghorofani. Nikamsikia Mskoti anakohoa kwenye ngazi.

Nilimpelekea sahani huku nimebana pumzi. Akala kipande. Akasimama. Akanywa glasi nzima ya maji. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na paji la uso linang'aa.

"Nani amepika hii?"

"Rafiki yangu. Kutoka Kongo."

"Mwambie Ireland imeshindwa," akasema, akaketi, akaomba nyingine.

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuimba. Siku ya tano kulikuwa na mgeni mpya, profesa wa makamo kutoka Rabat aliyekuja kwenye mkutano. Alikuwa ameniuliza jioni iliyotangulia, kwa aibu kidogo, kama anaweza kula mayai asubuhi bila wasiwasi. Nikamwambia ndiyo, mimi mwenyewe ni Mwislamu, nina upande wangu wa jiko na vyombo vyangu. Nilimwambia kwa fahari.

Asubuhi wageni walikuwa tisa. Tulikuwa tunapishana jikoni kama watu wanaozima moto. Nikakaanga mayai ya profesa, nikayapanga na nyanya na mkate wa viazi, nikampelekea mezani, nikarudi. Nikamkuta Maman anageuza soseji ndani ya kikaango cha mpini wa buluu. Na kwenye sinki, juu ya sponji ya buluu, kulikuwa na mafuta yaliyoganda meupe.

"Maman! Hiki umekitumia tangu saa ngapi?"

"Tangu mugeni wa kwanza. Kile kingine kilijaa. Nimekiosha, nimekitumia, nimekiosha tena. Kiko propre, angalia."

 Nilitoka mbio mpaka chumba cha kulia. Profesa alikuwa ameshika uma, bado hajaanza, anasoma gazeti. Nikasimama mbele yake nikasema, "Samahani sana, usile. Kikaango kimetumika kwa nguruwe bila mimi kujua. Nilikuahidi jambo ambalo si kweli."  Kwa kweli nilitamani sakafu inimeze.

Akaweka uma chini. Alinitazama, kisha akasogeza sahani pembeni kwa kidole. "Ahsante kwa kuniambia," akasema. "Ungeweza kunyamaza, nisingejua maisha yangu yote. Una ndizi?"

Ndizi zilikuwepo. Alikula ndizi tatu na chai, na asubuhi iliyofuata akakaa kwenye kiti kilekile akaniomba mayai.

Lakini jikoni nilirudi na hasira. Nilimwambia Maman maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kuyarudisha. Nilimwambia hajali dini za watu, nikamwuliza kama amekuja kunisaidia au kuniaibisha. Aliyasikiliza yote akiwa amesimama, mwiko mkononi. Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri, akaitia mkobani.

"Mi nilikuya juu ya weye," akasema kwa sauti ndogo. "Hapana juu ya bazungu. Juu ya weye." Akaondoka.

Nilimalizia wageni peke yangu. Baada ya kuosha vyombo nilikaa stoo, na badala ya kuswali nilibaki nawaza. Mwanamke yule alikuwa ameacha usingizi wake siku tano mfululizo kwa ajili ya mtu wa ghorofa ya chini. Kosa lake lilikuwa kikaango. Mimi, je? Nilimwonyesha kushoto na kulia kwa dakika moja, kwa haraka, bila kumweleza kwa nini, kana kwamba kila mtu amezaliwa akijua. Kwake usafi ni maji na sabuni, na alikuwa ameosha mara mbili.

Nilinunua vikaango vipya kabla ya kupanda tramu, na mchana huo nikagonga mlango wake. Alifungua, akaniangalia, na hakufunga. Nikamwomba radhi nikiwa bado koridoni. Nikamweleza basi kwa utaratibu, kwamba si uchafu wa kuonekana, ni ahadi mtu anayoishi nayo tangu utotoni, na nilipoona soseji ile niliona kama ahadi yangu imevunjiwa mbele ya watu.

"Alors, kwa nini hukuniambia ile siku ya kwanza?" akasema. "Mi nilifikiri unaogopa harufu! Batoto ba kwetu pia, kuko bintu habakule, bya ukoo. Naelewa ile." Akanivuta ndani. "Ingia. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinipa bukari ya jana aliyoikata vipande na kuichoma, na sombe, yaani kisamvu. Aliniambia kwamba hicho ndicho baba yake alichokula alfajiri kabla ya kuingia mgodini, kiporo cha bukari kilichochomwa na chai yenye sukari nyingi, na siku ya mshahara kipande cha ngulube. Nilikula mpaka nikaona aibu. Kesho yake saa kumi na mbili kamili alikuwa mlangoni, na vikaango vyangu vipya, nilivyovisahau kwake, alikuwa amevifunga vitambaa vyeupe kwenye mipini. "Ata mimi sasa siwezi kusahau," akasema.

Tuliendesha nyumba ile wiki tisa, wanawake wawili. Hakuna mgeni aliyehama.

Madame alirudi mwezi wa tatu na fimbo. Alikaa kwenye kiti katikati ya jikoni, akamtazama Maman anavyokata vitunguu juu ya bekoni, na mimi nikasubiri kelele. Alionja. Akatafuna muda mrefu. "Mama yangu asingeruhusu," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini mama yangu alikuwa mpishi wa kawaida tu." Akamwomba Maman abaki, siku tatu kwa wiki, kwa sababu nyonga yake haikuruhusu tena kusimama. Maman akaacha nusu ya ofisi zake za Gare du Nord.

Jumapili moja ya majira ya joto, uwanja wa Flagey ulipokuwa umefunguliwa tayari na watoto wanarukia maji yanayotoka ardhini, Madame alisema anataka kila mtu apike asubuhi ya kwao. Mskoti, ambaye siku za mwisho wa wiki hakukaa kwetu, alibaki kwa makusudi, na alikuwa ameleta soseji za mraba ndani ya sanduku lake, zimefungwa na magazeti na nguo. Maman alichoma bukari na kupika uji wa karanga. Madame alitengeneza mikate yake akiwa amekaa. Mimi nilipika maharage ya nazi, chapati, na ndagala wa kukaanga nilionunua kwa Mrundi mwenzangu, wadogo, wakavu, wenye harufu ya ziwa Tanganyika. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alipitisha sahani akieleza kila chakula kwa Kifaransa kama mwalimu.

Mskoti alikula ndagala wenye vichwa bila kuuliza. Madame aliokota mmoja, akamtazama machoni, akasema, "Samahani, bwana," akamtafuna. Kisha akachukua maharage yangu mara tatu. Nilimkumbusha bibi yake ambaye angetupa sahani. "Bibi yangu," akasema, "hakuwahi kutoka kijijini. Ningependa angekuwa hapa."

Nilikaa mezani siku hiyo kwa mara ya kwanza upande wa wageni. Nilikuwa nimepoteza nyumba, mume, na mtaa mzima niliozaliwa. Sikuwa nimevisahau. Lakini nilikuwa nashiba pamoja na watu, mchana kweupe, milango imefunguliwa, na moyoni hapakuwa na hofu hata kidogo. Nililiona hilo nikiwa bado natafuna, nikashukuru hapohapo.

Nyumba iliuzwa katika miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, Madame alipoanza kusahau kuzima gesi. Mpwa wake alikuja kumchukua kwao. Kabla ya hapo alikuwa ameshanisukuma kwenye kozi ya upishi ya Jumamosi. Aliandika barua ya kunidhamini, akanikalisha mimi na binti yangu jikoni kwake nikijiandaa kwa mtihani, akiniuliza majina ya visu. Nilipofaulu, alilia kuliko mimi. Aliishi miaka mitatu baada ya kuhama. Nilimpigia simu Jumapili nyingi, na wakati mwingine hakujua mimi ni nani, lakini nikimwambia nimepika nini, alijua kama nimekosea.

Leo napika kwenye nyumba ya wazee hapahapa Forest. Maman yuko nami, ndiye anayeshika nguruwe. Kila Jumatano tunawapa kifungua kinywa cha moto badala ya mkate na jamu, jambo ambalo ilibidi nimbembeleze mkurugenzi miezi minne. Wazee wa Kibelgiji mwanzoni walishangaa. Halafu mzee mmoja wa milima ya Ardennes, mkulima wa zamani ambaye kwa kawaida haongei na mtu, aliniita kwa kidole. Aliniambia kwao walikula hivi hivi, mayai yaliyopikwa pamoja na vipande vya nyama ya nguruwe ndani ya kikaango kimoja kikubwa, kinawekwa katikati ya meza, kila mtu na kipande chake cha mkate anachovya. Walikula baada ya kukamua ng'ombe, kabla ya kwenda shambani. Hajaonja tangu mke wake afariki.

"Eleza vizuri," nikamwambia, nikavuta kiti. "Mayai mangapi? Mnaanza na nyama au mayai?"

Akaanza kueleza kwa mikono miwili. Maman akatoka jikoni kuja kusikiliza, kitambaa begani, akasimama nyuma ya kiti changu.